Chonge za Cyusa

Kicukiro, Kigali
9 Aprili 1992

Shangazi Winifred,

Shikamoo. Sisi huku tunapumua, na kama nanyi huko Kahama mnapumua, nashukuru. Valens anakusalimu. Bado yuko gereji ileile, na grisi haimtoki mikononi hata asugue na mchanga. Barua hii nimempa Eustache, dereva wa lori, jirani yetu. Ameniapia atakukabidhi mwenyewe pale zahanati. Sikutaka kuipeleka posta, maana siku hizi barua zinafunguliwa, kisha watu wanaitwa kuulizwa maswali.

Mama yake Valens anaishi nasi sasa, Bibi Nyirarukundo. Alikuja mwezi wa tatu kutoka Gahanga, kifurushi kichwani na kuku mmoja kwapani. Upande wa Bugesera nyumba zilikuwa zinachomwa, na moshi waliuona wakiwa mashambani kwao. Alichokiona hasemi. Ukimuuliza, anakuomba chumvi.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha chini kuandika. Mtoto anaumwa. Cyusa ana miezi mitano na nusu, alikuwa bonge hata nguo hazimtoshi, na leo ni siku ya nne anaharisha. Mwili wa moto. Udenda unamtiririka mpaka kifuani, na kila anachokishika anakitia mdomoni: kanga yangu, kamba ya ndoo, sikio la baba yake. Juzi Mama mkwe alinawa mkono, akapitisha kidole kwenye ufizi wake taratibu, akasimama. "Haya hapa," akasema. Huku wanayaita ibyinyo. Ni uvimbe mweupe ndani ya ufizi, pale penye chonge, mawili juu na mawili chini. Anasema ni meno mabaya, laini kama funza, ndiyo yanayoleta kuhara, na yasipotolewa mtoto hafiki mwaka. Kuna mama mmoja kule Kimironko anayatoa. Amepanga tumpeleke Jumamosi ya baada ya Pasaka.

Nimepapasa mwenyewe. Shangazi, uvimbe upo kweli. Nimeusikia chini ya kidole changu.

Valens anasema mambo ya watoto ni ya wanawake. Nilipokataa, Mama mkwe alinishika kidevu, akanifungua mdomo mbele ya jirani yangu Donatille kama anakagua mbuzi. "Wewe mwenyewe huna chonge za chini," akasema. "Ulitolewa, ukapona, ukaolewa. Sasa unamnyima mwanao?" Nikamwambia nilianguka nikiwa mdogo, mama yangu ndivyo alivyoniambia. Alicheka sana. Shangazi, ni kweli nilianguka?

Wewe ndiye muuguzi wetu. Nijibu upesi, naogopa. Namwogopa huyo mama wa Kimironko, na naogopa kutokwenda kwake.

Mwanao,
Alida


Kahama
22 Aprili 1992

We Alida!

Marahaba. Eustache alikwama mpakani Rusumo siku nane, barua yako nimeipata jana jioni, na leo namrudisha na jibu hili hata chai hajamaliza. Wa nyumbani wazima. Salamu nyingine utazipata siku nyingine.

Nisikilize vizuri. Mtoto asipelekwe. Umesikia? Asipelekwe Jumamosi, asipelekwe Jumapili, asipelekwe kabisa. Huo uvimbe ni meno yake. Ndizo chonge zenyewe, zimelala zikingoja siku zake, na zitatoka akiwa na mwaka na nusu hivi. Yakichimbuliwa sasa yanaonekana laini na meupe kwa sababu hayajakomaa, basi mtu anaonyeshwa, anaambiwa tazama funza. Huku wanayaita meno ya plastiki, na kila mwezi analetwa hapa mtoto aliyechimbwa kwa spoku ya baiskeli. Wengine wanaletwa wameshachelewa.

Kuhara hakutoki kwenye meno. Mtoto wa umri huo anatambaza mikono chini na kutia kila kitu mdomoni, ndiyo maana anaharisha, na umri huohuo ufizi unaanza kumwasha. Mambo mawili yamekutana tu njiani. Chemsha maji lita moja, yapoe. Tia sukari vijiko vidogo sita, visawazishe, na chumvi nusu kijiko kidogo. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo kutwa nzima, na ziwa usimnyime. Ukiona macho yamezama, au damu kwenye choo, kimbia hospitali. Ufizi mfute kwa kitambaa safi kilichochemshwa, umpe na kijiko kilichopoa atafune. Basi. Hakuna dawa nyingine ya meno kuota.

Mama mkwe usimtukane. Anampenda mtoto, ndiyo maana anatisha. Lakini mlango ni wako, usimame mlangoni.

Habari ya kuanguka kwako ni ya zamani, tuiache.

Shangazi yako,
Winifred


Kicukiro
17 Mei 1992

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe sita, asante. Kuhara kumekwisha, maji ya chumvi na sukari yamemfaa. Valens mzima. Mvua inanyesha, njia ya gereji imekuwa tope tupu. Kuku wa Mama mkwe ameanza kutaga chini ya kitanda chetu, na hakuna anayeruhusiwa kumgusa.

Cyusa hajambo. Joto lipo kidogo. Kunyonya amekuwa mvivu, anashika ziwa, analia, analiachia, kwa hiyo namkamulia kwenye kikombe na kumpa kwa kijiko. Watoto wana vituko.

Nina swali, ni la Donatille jirani yangu, mtoto wake analingana na Cyusa. Kama ufizi wa mtoto ulikatwa, halafu ukavimba, na usaha ukatoka, halafu ukapungua, halafu ukavimba tena upande mmoja mpaka shavuni, mtu afanye nini? Anamsukutua kwa maji ya chumvi lakini mtoto anameza. Donatille anaona haya kwenda hospitali, anasema wauguzi wa huko wanagombeza.

Nijibu ukipata nafasi.

Alida


Kahama
29 Mei 1992

Alida mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nimesimama, mara tatu nimekaa.

Mwambie Donatille aweke chini kila alichoshika, ampeleke mtoto wake hospitali leo. Barua hii ikimkuta asubuhi, aende asubuhi. Ikimkuta ana sufuria motoni, aepue. Shavu likivimba hivyo ujue uchafu umeingia kwenye mfupa wa taya. Mwambie atazame kama mtoto anafungua mdomo vizuri. Akikaza taya, akikakamaa mgongo, huenda ni pepopunda, na hiyo hailali nyumbani hata saa moja. Aseme kweli kwa daktari, aseme walitumia chuma gani, siku gani. Akigombezwa, agombezwe. Hakuna aliyekufa kwa kugombezwa.

Na umwambie Donatille kwamba simlaumu. Nilimjua msichana mmoja huko kwetu Ngara, ana miaka kumi na minne, aliyeitwa uani siku moja akashike kichwa cha mtoto. Alikuwa na nguvu mikononi kwa kuchota maji, ndiyo maana walimwita yeye. Walimwambia, kaza, asitikisike. Akakaza. Watoto walikuwa wawili siku hiyo. Msichana huyo ni mtu mzima sasa, amesoma, anavaa gauni jeupe, na hajawahi kumweleza mtu. Kwa hiyo Donatille asidhani yuko peke yake duniani.

Andika. Hata mstari mmoja.

Winifred


Kahama
21 Juni 1992

Alida,

Eustache hayupo, wanasema lori lake limeharibika. Hii nampa dereva nisiyemjua, Mungu amsaidie afike. Sina barua yako. Hapa zahanati kila mtoto anayeletwa ameviringishwa kanga ya njano namdhania ni wako, maana hiyo ndiyo niliyokutumia ulipojifungua. Jana nilimpa mtoto wa watu dawa ya mwenzake, bahati mama mmoja akanishtua.

Niambie mtoto wa Donatille anaendeleaje. Niambie lolote, hata baya.

W.


Kicukiro
2 Julai 1992

Shangazi,

Shikamoo. Yuko hai. Naanza na hilo nisije nikakutesa zaidi.

Mtoto wa Donatille ni mzima, hajawahi kuumwa hata mafua. Umeshajua. Mtoto ni wangu.

Ile barua yako ya kwanza ilinikuta nimeshafanya. Jumamosi ya baada ya Pasaka tulikwenda Kimironko kwa miguu, mimi na Mama mkwe, tukipokezana mgongo. Njiani nilijiambia, nikimwona Eustache yeyote, lori lolote lenye namba za Tanzania, nitageuka. Sikuliona. Kuhara kulikuwa kumezidi, macho yamezama, nami nilimwona anakufa, Shangazi. Nilimwona kabisa. Ukiwa hivyo, na mtu mzima anakuambia dawa ipo nyuma ya kilima, unakwenda.

Uani kulikuwa na foleni ya akina mama. Yule mama ni mpole, ana sauti nzuri, alimsifu mtoto. Chuma kilikuwa spoku, imenolewa, inakaa kwenye kopo la majivu. Alisema yuko mmoja tu wa kumsaidia kushika kichwa, na ni mimi, kwa sababu mtoto hutulia kwa mama yake. Nikashika. Shangazi, nilikaza. Alitoa mawili ya chini, akayaweka kwenye jani nione, meupe madogo kama mbegu za boga ambazo hazijakomaa. Nikamshukuru! Kinywa changu kilitoa asante. Akasema ya juu tuyarudie baada ya wiki moja, mtoto apumzike.

Barua yako ilipofika niliisoma nikiwa nimempakata, damu imeshakauka. Nikashindwa kukuambia. Nilikuwa mtoto wako mwerevu, uliyemlipia shule kwa mshahara wako. Nikamsingizia Donatille, maskini, ambaye kila siku ananiazima jembe.

Barua yako ya pili ilifika tarehe tisa Juni asubuhi, nina sufuria ya maharage motoni. Sikuepua. Nilitoka mbio, Donatille ndiye aliyekuta maharage yameungua. Hospitali walimpokea kwa maneno makali, na mimi nikayapokea yote. Mdomo ulikuwa unafunguka upana wa kidole tu. Siku kumi na sita, Shangazi, na sindano kila baada ya saa chache. Walimpasua chini ya taya usaha utoke. Daktari alisema tungechelewa hadi Jumapili asingekuwa na la kufanya.

Sasa yuko nyumbani, amekonda, ana kovu dogo chini ya kidevu. Juzi alicheka. Lakini sijatulia. Mama mkwe anasema ugonjwa ulikuja kwa sababu tuliacha kazi nusu, mawili ya juu yangalimo. Anataka kumrudisha. Anasema kwa upole, kila siku, akipembua maharage. Valens ananyamaza. Nikienda choo nakwenda na mtoto.

Na yule msichana wa Ngara. Mwambie sigombezi. Mwambie aniandikie yeye mwenyewe. Ndugu yangu pacha, Bukuru, niliambiwa alikufa kwa degedege. Alikufa kwa nini?

Alida


Kahama
19 Julai 1992

Alida mwanangu, Butoyi wangu,

Ahsante kwa neno lile la kwanza. Nililisoma nikaenda nyuma ya zahanati nikalia kama kichaa, mlinzi akadhani nimefiwa.

Haya, naandika. Msichana yule ni mimi.

Mlikuwa na miezi saba. Mlikuwa mnaharisha wote wawili, na baba yako alikuwa amekwenda kutafuta kazi Uganda. Mama yako aliogopa kushika, akakimbilia ndani akaziba masikio. Nikaitwa mimi. Alitangulia Bukuru, kwa kuwa ndiye pacha mkubwa na wewe Butoyi ndiye mdogo, akachimbuliwa yote manne. Damu haikukatika. Mwanamke yule alisema itakatika yenyewe, akamkandika majivu, akasema lete mwingine. Nikakuleta. Nilikuona unanicheka, ulidhani tunacheza. Alipomaliza mawili ya chini, mama yako alitoka ndani akamwona Bukuru amelegea juu ya mkeka, akapiga kelele, ndiyo maana ya kwako ya juu yalibaki. Chonge zako mbili za juu umezipata kwa kelele hiyo. Bukuru alifariki siku ya pili mchana.

Tuliambiwa ni degedege. Mama yako akasema watu wasijue, wewe ukikua uambiwe ulianguka. Nami nikanyamaza kwa sababu mikono ilikuwa yangu. Nilikwenda kusomea uuguzi kwa ajili hiyo, na bado kila ninapowaeleza akina mama habari za meno, nawaeleza kama kitu nilichokisoma kwenye kitabu. Ningekuambia kabla hujaolewa, Cyusa asingeshikwa. Hilo nalala nalo na kuamka nalo.

Sasa fanya hivi. Msomee Mama mkwe barua hii, neno kwa neno, kwa lugha yake. Alikufungua mdomo akasema wewe ni ushahidi kwamba mtu hutolewa akapona. Mwambie mashahidi walikuwa wawili, na mmoja yuko ardhini Ngara. Usimsomee kwa hasira. Msomee kama mtu anayesalimiwa.

Mtoto usimwache mgongoni kwa mtu.

Winifred


Kicukiro
30 Agosti 1992

Shangazi,

Shikamoo, na pole. Pole sana. Hujawahi kuambiwa pole, nakuambia mimi. Sina kinyongo. Nilipofika pale niliposoma kwamba nilikuwa nakucheka, nilitaka niwe hapo nikushike mikono.

Nilimsomea Mama mkwe siku ya Jumapili, tumetoka kanisani. Sentensi moja kwa Kiswahili kimoyomoyo, kisha kwa Kinyarwanda kwa sauti. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja: "Huyo aliyeshika ndiye huyo huyo aliyeandika?" Nikamwambia ndiye. Akasema "Mana yanjye," yaani Mungu wangu, akachukua ungo, akaendelea na maharage. Siku tatu kuku alitaga, hakwenda hata kuokota yai. Siku ya nne aliniambia, bila kunitazama, kwamba alizaa saba, wanne aliwapeleka kwa mtoaji wa Gahanga, na wawili kati ya hao hawakumaliza mwezi. Alisema kila mara aliamini walichelewa kupelekwa.

Nikadhani yamekwisha. Sasa sikia.

Jumamosi iliyopita Valens alikuwa kazini. Niliingia jikoni kuepua ugali, mtoto amelala kitandani na bibi yake ameketi mlangoni. Niliporudi, kitanda kitupu. Mlango wazi. Kanga ya njano haipo. Nilimwita mara tatu, kisha nikaita majirani. Donatille akasema amewaona wakishika njia ya Kimironko, bibi anakwenda mbio mbio kama msichana.

Shangazi, nilikimbia. Kiatu kimoja kilikatika, nikavitupa vyote. Nikafika kwenye kizuizi, askari wakataka kitambulisho, sikuwa nacho, lafudhi yangu ya kwetu Ngara wakaisikia, wakaniketisha chini pembeni ya barabara. Wewe ni wa wapi? Umetumwa na nani? Nikasema nina mtoto, wanakwenda kumkata mtoto. Walidhani nimerukwa na akili. Nilikaa pale jua likinipiga, nikihesabu: sasa wamefika, sasa wako kwenye foleni, sasa anasifiwa, sasa nani anashika kichwa. Mwishowe askari mmoja mtu mzima akauliza, "Ni ibyinyo?" Nikasema ndiyo. Akaniambia, "Nenda," na akageuza uso.

Nilifika ule ua nikiwa sina pumzi hata ya kulia. Foleni ipo, akina mama kumi hivi, watoto migongoni. Na mbele yao amesimama Mama mkwe. Amempakata Cyusa, ameketisha kichwa chake kwenye kiwiko, na kwa kidole anamshusha mdomo wa chini. Alikuwa anawaonyesha. "Tazameni," anasema, "tazameni mashimo, tazameni na kovu hili. Nilimleta mimi, kwa miguu yangu." Akampitisha kwa mmoja, akampitisha kwa wa pili. Yule mama wa spoku alikuwa anamwambia kwa sauti yake nzuri, bibi umechoka, kaa chini. Hakukaa. Alipofika mwisho wa mstari aliniona, miguu mitupu, vumbi mpaka magotini, akashtuka kama mtoto aliyekamatwa. Akasema, "Ningekuomba, ungekataa."

Kweli ningekataa. Wawili waliondoka na watoto wao. Wanane walibaki.

Nilimchukua mwanangu nikamfunga mgongoni, na tulirudi nyumbani. Usiniambie nimsamehe upesi. Bado nikikuta kitanda kitupu nakimbilia mlangoni.

Alida


Kahama
14 Septemba 1992

Mwanangu,

Marahaba. Usimsamehe upesi, huna haraka. Lakini mwambie namsalimu. Wawili ni wengi, mimi na gauni langu jeupe kuna miezi sipati hata mmoja. Jana nimewaambia akina mama hapa kwamba nilishika mimi. Hakuna aliyetoka nje.

Tuje kwenye meno yaliyopo. Jino la kwanza likichomoza, lisafishe siku hiyohiyo kwa kitambaa chenye unyevu, asubuhi na kabla hajalala. Yakiwa kadhaa, tafuta mswaki mdogo laini. Asilale na chupa ya chai ya sukari mdomoni, hata akilia mtaa mzima usikie. Watu watakuambia ni meno ya utoto, yatang'oka tu. Yanashikilia nafasi ya yale yajayo, yanamfundisha kutafuna na kusema. Mahali pa chonge za chini sijui kitaota nini ukubwani. Huenda kitu, huenda hakuna. Sitakudanganya tena kwa lolote.

Huko kwenu nasikia mabaya redioni. Mkitaka kuja, chumba kipo, cha wanne. Na kuku.

Winifred


Kicukiro
20 Juni 1993

Shangazi,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya. Mwezi wa pili milio ya mizinga ilisikika hadi huku, watu wa kaskazini wamejaa kwenye mahema nje ya mji, na Eustache alikataa kubeba karatasi yoyote iliyoandikwa kwa mkono. Leo amekubali moja. Tunaogopa, nikuambie ukweli. Tunaogopa redio, tunaogopa mtu akibisha hodi bila kutaja jina. Valens amekubali kuhusu chumba chako. Mama mkwe anasema haendi popote, halafu jana nimemkuta anasuka tenga la kubebea kuku safari ndefu.

Lakini sikuandika kwa hayo. Cyusa ana miezi ishirini. Wiki mbili hizi alikuwa na udenda tena, halali vizuri, na joto kidogo, na choo chepesi mara moja. Nilisimama mlangoni, Shangazi, mwili wangu wote ukasimama mlangoni. Mama mkwe alinitazama. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akaninyooshea ili nione, kama anayeomba ruhusa. Nikakaa. Sijui nilikaaje, ila nilikaa. Nikampakata mtoto mimi, kichwa chake sikukishika.

Akapitisha kidole kilekile, taratibu, juu kushoto, juu kulia. Na Cyusa akamng'ata.

Ee, alipiga yowe, mtaa mzima ulitoka! Donatille alikuja na jembe. Mama mkwe alikuwa anarukaruka uani kidole hewani, anacheka na machozi yanamtoka, na hataki kukisuuza. Amezunguka nyumba zote saba za uchochoroni kuonyesha. Alikuja na kwangu, kana kwamba sikuwepo, akakileta karibu na macho yangu nikitazame vizuri. Upande wa juu kuna alama mbili nyekundu, zimezama, za chonge. Upande wa chini, pale pa chonge, ngozi haina kitu.

"Huku," akaniambia, akinionyesha upande wa chini, "huku ni mimi." Kisha akakifunga kwa kitambaa.

Mwanao,
Butoyi